Muhuri si Mtaji

Yapo maneno yanayopita kati ya wanafunzi wa sheria wa siku hizi, nayo husemwa kwa wepesi kama yasemwavyo mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Husemwa hivi: kijana aliyekwisha kuapishwa uwakili, asiye na baba tajiri wala mjomba mwenye ofisi, hana njia ya kuanza kazi peke yake ila moja. Achonge muhuri, auweke dukani kwa mwenye mashine ya kunakili karatasi, na kila jioni apite kuchukua fungu lake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, wanasema, atakuwa amekusanya fedha ya kupangisha chumba, na hapo ndipo atakapoanza uwakili wa kweli. Nimeyasikia maneno haya barazani, nimeyasikia ndani ya basi, na mara ya mwisho niliyasikia kinywani mwa kijana mwenye shahada nzuri aliyenijia Korogwe kuniomba shauri. Hakuona haya kuyasema. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mzee aliyesahau bei ya unga.

Nakusudia kuyapinga maneno haya, kwa sababu yanasemwa na watu ambao kesho tutawakabidhi nyumba zetu, mirathi yetu na uhuru wa watoto wetu. Sitayapinga kwa kutaja vifungu tu. Vifungu wanavijua, maana walivisoma ili wafaulu mtihani. Nayapinga kwa kuwa yanasema uwongo juu ya kazi yenyewe. Yanadai kuwa muhuri ni mtaji wa wakili maskini. Mimi nadai kuwa wakili afanyaye kazi peke yake hana mtaji mwingine ila macho yake mwenyewe, na kwamba siku anapoukabidhi muhuri wake kwa mwenye duka huwa ameuza kitu pekee alichokuwa nacho, tena amekiuza kwa bei ya soda.

Kwanza na tuelewane muhuri huo ni nini. Kwetu Tanzania Bara wakili aghalabu huwa pia mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo, chini ya sheria iliyo Sura ya 12. Mtu akitaka kuapa kwamba jina lililo katika cheti cha shule na lililo katika kitambulisho ni la mtu mmoja, au kwamba marehemu fulani alikuwa baba yake, au kwamba ameridhia nyumba ya ndoa iwekwe rehani, huja mbele ya kamishna, huapa, hutia sahihi, na kamishna hushuhudia kwa sahihi na muhuri. Kifungu cha 8 kinamtaka kamishna aandike jina lake, na aeleze kwa kweli mahali na tarehe kiapo kilipofanywa. Kwa kweli: neno hilo limo katika sheria, nalo halikuwekwa kwa pambo. Mahakama ya Rufani imepata kuyatupa maombi kwa sababu ya hati ya kiapo isiyotaja mahali ilipoapwa. Wanafunzi huzicheka hukumu za namna hiyo, wakidhani majaji wanachezea nukta na mikato. Lakini fikiri: mahali na tarehe ndivyo vitu vinavyoweza kumsuta shahidi mwongo. Anayesema tu, "Niliapa," hana pa kukamatwa. Anayesema, "Niliapa Tanga, tarehe 4, mbele ya fulani," amejifunga kamba ambayo mtu yeyote aweza kuivuta.

Nitaeleza jambo moja lililopita mikononi mwangu, nami nitaficha majina yote.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja, mtu mzima, ameshika tangazo la dalali. Nyumba anayokaa ilikuwa ipigwe mnada, na siku zilikuwa zimebaki tisa. Mumewe alikuwa amekopa fedha katika benki, biashara ikaharibika, na mume mwenyewe akawa amekwenda zake, haijulikani bara wala pwani. Nyumba ilikuwa ya ndoa. Msomaji aliyesoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 anajua kuwa mmoja wa wanandoa hawezi kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inarudia jambo hilo katika habari za rehani. Basi nikamwuliza, "Mama, ulitia sahihi ya ridhaa?" Akasema hapana. Nikaandika kuomba nakala, na nakala ikaja: hati ya ridhaa, ina jina lake, ina sahihi, ina kiapo, ina muhuri mwekundu wa wakili, imeandikwa kuwa aliapa Dar es Salaam, nayo imeandikwa yote kwa Kiingereza. Nilipomsomea aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mimi kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini najua kuwa mwaka ule sikufika Dar es Salaam hata siku moja." Tarehe iliyoandikwa pale alikuwa akimwuguza binti yake hospitalini, na daftari la wodi lilikuwa na jina lake.

Nilimpigia simu wakili mwenye muhuri. Sikutaka kumshtaki kabla sijamsikia. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya adabu, akaniamkia. Hakukana. Alisema muhuri ni wake, ila siku ile haukuwa kwake.

Nawaomba wasomi wa jarida hili walitafakari jibu lile, kwa sababu ndani yake mna habari yote ninayoieleza. Muhuri ni wangu, ila siku ile haukuwa kwangu. Mtu aweza kusema hivyo juu ya baiskeli, au juu ya jembe. Je, aweza kusema hivyo juu ya ulimi wake? Maana hati ya kiapo yenye muhuri wa kamishna ni kinywa cha kamishna kikisema: nilimwona mtu huyu, alikuwa mbele yangu, aliapa nikisikia. Mwenye duka aliyeugonga muhuri ule hakumwona mama. Alimwona mwanamke mwingine, au hakumwona mwanamke yeyote, bali aliona karatasi na noti ya fedha.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liliuzuia mnada, na baada ya miaka miwili na zaidi mama alishinda. Nyumba haikuuzwa. Lakini ili aweze kusafiri, kuwaleta mashahidi na kuishi muda wote ule, aliuza nusu ya shamba lake la michungwa. Mimi ujira wangu niliupunguza nikapunguza tena, lakini sikuweza kuipunguza nauli ya basi. Nilimshauri apeleke malalamiko katika Kamati ya Mawakili, ambayo ina mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha, au kumwondoa katika orodha. Alikataa. Alisema, "Nimechoka na karatasi, mwanangu." Sikumlazimisha. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Sasa nirudi kwa watetezi wa muhuri. Hoja yao ya kwanza ni njaa, nami siidharau hoja hiyo. Mtu hujifunza sheria chuoni miaka mitatu au minne. Kisha, tangu sheria ya mwaka 2007 ilipoanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hurudi darasani tena na kulipa ada tena. Kisha hungoja kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Siku ile nzuri picha hupigwa, na mama zetu hulia kwa furaha. Juma linalofuata kijana yule yule huzunguka na bahasha yake kutoka ghorofa hii mpaka ghorofa ile, na huko juu hupata mzee wa sheria ambaye atampa meza, atampa majalada arobaini, na mwisho wa mwezi atampa nauli pamoja na nasaha juu ya subira. Mzee huyo ndiye atakayesimama katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanasheria Tanganyika na kulaani kwa sauti kuu vijana wanaochafua taaluma kwa mihuri ya vichochoroni. Ningependa mzee huyo aulizwe ni kiasi gani alimlipa kijana wa mwisho aliyetoka ofisini mwake. Mtu huwezi kumnyima mwenzio chakula kisha ukastaajabu kumkuta jikoni kwa jirani.

Lakini nikishakubali hayo yote, swali linabaki pale pale: je, muhuri humtoa kijana katika njaa? Nasema haumtoi. Hesabu yake ni nyepesi. Muhuri wa wakili mmoja haupiti muhuri wa wakili mwingine kwa uzuri. Wote ni mpira na wino. Kitu kisichotofautiana na kingine hushindana kwa bei tu, na bei ya kitu kama hicho huteremka mpaka chini. Katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, karibu na ofisi za serikali, nilihesabu maduka manne yaliyoandika kwa chaki kwamba wakili yupo, na katika yote manne wakili hakuwapo. Mwenye duka huchukua fungu lake kwanza, kwa kuwa meza ni yake, umeme ni wake, na mteja ni wake.

Hilo la mwisho ndilo linalouma kupita yote. Mteja ni wake! Tuseme watu mia tano wamepita dukani mwaka ule. Mia tano wamekwenda kwao na karatasi yenye jina la wakili, na hakuna hata mmoja anayejua sura yake, wala mahali anapokaa, wala kama ni mtu mkali au mpole. Siku watakapopata shauri la kweli, shamba limevamiwa, au ndugu amekamatwa, watakwenda kumwuliza nani? Watamwuliza mwenye duka. Na mwenye duka, akiwa na akili, atawapeleka kwa wakili atakayempa fungu kubwa. Wakili hana ruhusa ya kuzunguka na kipaza sauti akitafuta wateja. Kanuni za maadili zinamkataza kuwanyemelea watu. Tangazo lake lililo halali ni yule mtu aliyekaa mbele yake, akasikilizwa, akatoka, akaenda kumwambia shemeji yake. Kijana wa muhuri amelitupa tangazo hilo mara mia tano kwa mwaka, kisha analalamika kuwa mji haumjui.

Wataniambia: ni rahisi kusema, lakini ungeanzaje? Nami nitawajibu kwa habari zangu, ingawa si habari za kujivunia. Nilianza kazi Korogwe mwaka 2011 katika chumba kimoja kilicho nyuma ya duka la mbolea. Nilikuwa na meza, viti vitatu, benchi la nje, kabati la chuma lenye kufuli, na madaftari mawili. Chumba kilinuka mbolea mwaka mzima. Suti yangu ilinuka mbolea hata Mahakama Kuu Tanga. Mwezi wa kwanza walinijia watu watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea akitafuta duka. Leseni ya kila mwaka ilipofika wakati wa kuhuishwa nilikopa kwa dada yangu. Haya nayasema ili asije mtu akadhani nazungumza kutoka juu ya dari.

Ila katika miezi ile nilitambua kuwa kazi haikosekani katika miji midogo. Inayokosekana ni sikio. Korogwe ni njia panda ya watu wengi: yuko mkulima wa bondeni, yuko mtu wa milimani aliyeteremka kutoka Lushoto, yuko mkata mkonge wa mashamba makubwa ambaye ameachishwa kazi kwa neno la mdomo. Huyo wa mkonge aliwahi kunijia mwezi wa tatu tangu aachishwe. Sheria inampa siku 30 tu za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30! Katika hizo, kumi alizitumia kumwomba msimamizi amrudishe, kumi alikaa kwao akiona aibu, na zilizobaki alikuwa akimngojea mtu wa chama aliyeahidi kulishughulikia. Iwapo angemkuta mapema mtu wa kumwambia hesabu ya siku, kwa ujira mdogo au bila ujira, asingehitaji kuja kuomba aongezewe muda na kueleza sababu mbele ya watu walioshiba. Hiyo ni kazi ya wakili. Haihitaji ghorofa.

Kisha iko mirathi, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha wakili wa mji mdogo. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu, na wengi hawajui kuwa jambo hilo linatakiwa. Hudhani ile barua ya uteuzi ndiyo mwisho wa habari, tena wengine hudhani imewafanya warithi wa mali yote. Nilipoanza, sheria ilitukataza mawakili kuingia katika Mahakama ya Mwanzo. Mpaka mwaka 2021 ndipo ilipobadilishwa, na sasa wakili aweza kusimama humo pale anapokaa Hakimu Mkazi. Wenzangu wengi walisema kwamba kwa sababu ya katazo lile mji mdogo haulipi. Nami kwa miaka kumi nilikaa nje ya mlango ule nikiwaandalia watu maneno ya kwenda kusema wenyewe, nikiwaandikia orodha, nikiwasuluhisha ndugu kabla hawajafika kwa hakimu. Nilikula, si kwa karamu, lakini nilikula.

Nimetaja madaftari mawili, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wakili wa peke yake hufa au hupona, wala hakuna aliyenifundisha habari zake chuoni. Tulisoma hukumu za Lord Denning mpaka tukaweza kuiga mwandiko wake. Hatukusoma namna ya kuandika stakabadhi.

Daftari la kwanza ni la tarehe. Katika ofisi kubwa mmoja akisahau, mwingine hukumbuka. Katika ofisi ya mtu mmoja hakuna mwingine. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30. Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, la ardhi baada ya 12. Tarehe hizi hazimhurumii mtu aliyekuwa na homa. Mimi huziandika mara mbili, siku ya mwisho na siku kumi kabla yake, na kila asubuhi hulifungua daftari kabla sijafungua mlango. Tena nilipatana na wakili mmoja wa wilaya jirani kwamba nikiugua yeye atanisimamia, na akiugua nami nitamsimamia. Kila mmoja ana ufunguo wa kabati la mwenziwe. Kufanya kazi peke yako hakukulazimishi kuwa mkiwa.

Daftari la pili ni la fedha isiyo yangu. Mteja akilipwa fidia ikapita katika mikono yangu, huingia katika akaunti ya wateja, nayo haichanganyiki na akaunti ya ofisi hata kwa siku moja. Sheria inasema hivyo, na kila mtu huitikia. Lakini sheria haisemi inakuwaje mwezi wa kwanza wa mwaka, ada za watoto zinapodaiwa, mfuko wa ofisi ni mtupu, na katika akaunti ile nyingine zimelala fedha za mzee ambaye yuko kijijini na hatakuja mpaka mvua ikatike. Hapo wakili hukaa na kujiambia kuwa atazirudisha kabla ya Aprili, na aghalabu husadiki kweli kuwa atazirudisha. Nilikaa hivyo jioni moja. Nilichofanya ni kumwandikia mzee kuwa fedha yake ni tayari na kumtumia nauli aje upesi, kwa kuwa nilijua kuwa dawa ya hakika ni kuiondoa karibu yangu. Mwalimu wa shule ya mtoto wangu alinidai mpaka Machi. Na ujira wangu mwenyewe tangu siku ile huuandika katika barua kabla sijashika kalamu: nitafanya hili na hili, sitafanya lile, utanilipa kiasi hiki, kwa mafungu haya. Barua ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mara moja tu nilikubali mbuzi badala ya fedha, na mambo ya mbuzi yule ni marefu.

Nimesema kwa Kiswahili, na hapa nina ugomvi na wasomi wenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Basi kwa nini hati za viapo zinazogongwa mihuri katika maduka yale bado nyingi ni za Kiingereza? Kwa sababu zimenakiliwa kutoka kielelezo kimoja cha zamani, na mwenye duka hubadilisha majina tu. Mtu asiyejua lugha huapa kwa maneno asiyoyaelewa, mbele ya kamishna asiyekuwapo, mahali asipofika. Vipande vyote vitatu vya kiapo vimekufa, na maiti ile huvishwa muhuri. Ile hati ya mama yangu wa Korogwe ingalikuwa kwa Kiswahili, labda yule mwanamke aliyetiwa sahihi badala yake angeliona haya kidogo. Labda ofisa wa benki angelimsomea. Nyinyi mnaohariri mashairi ya kale na kubishana juu ya asili ya maneno, nawastahi, lakini kitabu cha vielelezo vya hati, kilichoandikwa kwa Kiswahili safi kinachoeleweka na mkata mkonge, ni kazi inayomfaa msomi wa lugha na msomi wa sheria wakikaa meza moja. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokifungua chuo cha Dar es Salaam mwaka 1961, kabla hata bendera haijapandishwa. Miaka imekwenda mingi mno kwa wakulima kuendelea kuapa kwa maneno ya kukariri.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa muhuri ni kwamba wananchi wenyewe wanautaka, kwa kuwa hawana wakati wa kungoja. Hii ni kweli, na sitaificha. Mwaka jana alikuja bwana mmoja na hati tatu: yake, ya kaka yake aliye Mwanza, na ya shangazi yake aliye mgonjwa. Alitaka nizigonge zote. Nikamwambia yake nitaigonga sasa hivi. Kwa shangazi nitakwenda mwenyewe kesho asubuhi, bila kumwongezea bei. Kaka atafute kamishna huko huko Mwanza. Alicheka, akakusanya karatasi zake zote tatu, pamoja na ile yake, akavuka barabara. Baada ya robo saa nilimwona akipita nazo, zimekwisha kugongwa, na wino haujakauka. Hakurudi kwangu tena. Najua mnangoja niseme kuwa alirudi. Hakurudi, na ujira wa hati tatu ulinipita, na siku ile nilikuwa nauhitaji.

Hiyo ndiyo gharama, nami siwezi kuipunguza kwa maneno. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi najua kila karatasi yenye jina langu iliko mkono wangu ndani yake. Nikiitwa kesho na mahakama yoyote kuulizwa, "Ulimwona mtu huyu?" sitahitaji kumpigia simu mwenye duka.

Yule kijana aliyenijia tulibishana kutwa nzima. Alikuwa hodari wa kubisha, na katika mambo mawili matatu alinishinda, hasa juu ya wazee wa ghorofani. Alipokuwa akiondoka alitoa muhuri wake mpya mfukoni akanionyesha, umechongwa vizuri, una jina lake kamili na sanduku la posta la Dar es Salaam. Nilimwuliza ofisi iko mtaa gani. Akasema bado. Kile chumba cha nyuma ya duka la mbolea ki wazi tangu nilipohamia karibu na mahakama, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Nimemwambia asimpangishe mtu mpaka mwisho wa mwezi huu. Kabati la chuma limo bado, na kijana anayo namba yangu ya simu.